Siku Mzee Kimya Aliponyanyuka Mezani

Wachezaji walimwita Dada Refa, hata wale waliomzidi umri. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye sauti ya chini iliyomlazimu mtu anyamaze ndipo aisikie. Kazi yake ilikuwa kuamua magomvi kwenye mashindano ya poka, katika ukumbi wa hoteli moja ya wastani, ghorofa ya pili, juu ya jiko.

Katikati ya wiki ukumbi ule ulikuwa wa semina na harusi. Jumamosi asubuhi wahudumu waliondoa maua ya plastiki, wakaburuta meza za duara hadi katikati na kuzitandika kitambaa cha kijani kilichochakaa ukingoni, pale viwiko vya watu vinapoegemea. Kulikuwa na viyoyozi viwili. Kimoja kilipoza, kingine kilinguruma tu. Harufu ya vitunguu vya kukaanga ilipanda kutoka chini mchana kutwa, na ukirudi nyumbani hata soksi zako zilinukia vitunguu.

Waliokuja kucheza walikuwa watu wa kawaida: wenye maduka, wastaafu, mwalimu mmoja wa hesabu, madereva waliopumzika siku hiyo. Kila mmoja alilipa kiingilio akapewa rundo lake la chipsi, vile vidude vya plastiki vya rangi rangi vya kuwekea dau, na kila mgeni alidhani ni yeye wa kwanza kuuliza kama zinaletwa na chumvi. Aliyeishiwa chipsi alinyanyuka akaenda zake. Aliyebaki peke yake jioni ndiye bingwa.

Asiyeujua mchezo huona poka ni kudanganyana tu. Kudanganyana kumo, tena kwa ruhusa: unaweza kuweka dau kubwa huku mkononi huna kitu, ukamkazia mwenzako macho makavu mpaka akatupa karata zake nzuri. Kwa sababu hiyo hiyo, mengine yote yamebanwa. Huchezi kabla ya zamu yako, maana wenzako watajua unachotaka. Ukishatupa karata zako, husemi zilikuwa zipi wakati wengine bado wanashindana. Humshauri mtu. Na karata za mwenzako huzigusi, hata zikidondoka sakafuni. Mtu akivunja mojawapo, mgawa karata huinua mkono na kuita, "Refa." Hapo ndipo Dada Refa alipokuja, taratibu, viatu vyake vya mpira havisikiki kwenye zulia.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyekaa naye nyumba moja, hakuwahi kuielewa kazi hiyo. "Kwa hiyo wewe ni askari wa wacheza kamari," alimwambia siku moja, sindano mdomoni. "Wenyewe kwa wenyewe wanaibiana, wewe unahakikisha wanaibiana kwa adabu." Dada Refa alicheka. Aliona dada yake hajakosea sana.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzee Kimya.

Wakati huo Mzee Kimya ndiye aliyekuwa refa, na yeye Dada Refa alikuwa akikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ile ile. Mzee alipita mlangoni akasimama, akaitazama mikono yake kwa muda, kisha akauliza, "Binti, umewahi kugawa karata?" Hakuwahi. Mzee alimfundisha wakati wa chakula cha mchana, kwenye meza ya kupigia pasi. Baadaye, magoti yalipoanza kumsumbua mzee, alimfundisha na urefa. Msikilize mgawa karata kwanza, halafu anayelalamika, halafu anayelalamikiwa. Usiguse kitu mpaka umesikia. Usiulize alikusudia nini, maana hilo hutalijua. Uliza mkono wake umefanya nini.

Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa hadi kifungo cha shingoni hata kukiwa na joto la kukausha maji kwenye glasi. Jina la Kimya alilipata kwa sababu akifika mezani kelele hukatika zenyewe. Aliwahi kumtoa nje mwenye hoteli, kwa kumnong'oneza rafiki yake kitu katikati ya mchezo, na mwenye hoteli akatoka. Mume wa Dada Refa, fundi redio, alipofariki, Mzee Kimya ndiye aliyesimama kichwani mwa kaburi mpaka mchanga ukaisha, kisha akamshika mkono mjane na kumrudisha nyumbani bila kusema neno.

Alipostaafu alianza kuja kucheza. Alicheza vizuri, kwa subira, na kila Jumamosi alimwita mwanafunzi wake "Refa" mbele za watu, kwa heshima kamili, kama vile hajawahi kumwona akikunja mashuka.

Mambo yalianza kuharibika kwa kitu kidogo. Jumamosi moja mgawa karata wa meza ya dirishani aliinua mkono. "Refa. Mchezaji ameweka dau kabla ya zamu."

"Nani?"

"Mzee."

Alidhani anataniwa. Lakini zile chipsi zilikuwa pale, mbele ya Mzee Kimya, na watu wawili waliopaswa kucheza kabla yake walikuwa wakimtazama kwa mshangao. Dada Refa alitoa uamuzi akiutazama mkono wa mzee, si uso. "Dau linabaki. Zamu irudi ilipokuwa. Onyo kwa mchezaji."

"Nimekosa, Refa," alisema Mzee Kimya, akainamisha kichwa. Watu walitabasamu. Ilikuwa kama kumwona shekhe au padri amekosea maneno ya sala. Unajua ni bahati mbaya.

Baada ya wiki chache bahati mbaya ikawa tabia. Aliuliza ni zamu ya nani wakati ni yake. Alitupa karata kabla hajaulizwa. Halafu likaja lile la karata ya mfalme. Wachezaji wawili walikuwa wamebaki wakishindana kwa dau zito. Mmoja alikuwa muuza simu mwenye duka karibu na benki, ambaye kwa vile alicheza amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kila mtu alimwita Miwani. Miwani alikuwa akimtisha mwenzake kana kwamba ana mfalme wa nne, maana watatu walishafunguliwa mezani, na yule mwenzake alikuwa ameanza kutishika. Mzee Kimya, ambaye alikuwa ameshatupa karata zake, akasema wazi kabisa, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, "Mfalme nilikuwa naye mimi."

Aliyekuwa akiogopa mfalme aliacha kuogopa papo hapo. Akaweka chipsi zake zote, akashinda, na Miwani akatolewa mashindanoni.

Adhabu ya kosa hilo ni kukaa nje ya meza kwa muda. Dada Refa aliitoa, kisha akamfuata mzee kwenye korido, karibu na ngazi, palipokuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa juu kwa juu.

"Mzee, kulikoni? Umechoka?"

"Sijachoka. Huyu kijana analalamika nini?"

"Umesema karata uliyoitupa. Wao bado wanacheza."

Mzee Kimya alimtazama kwa upole, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Kisha uso ukamkunjuka. "Mumeo hajambo, binti? Mwambie apite nyumbani. Ile redio imegoma tena."

Kutoka chini zilisikika sufuria zikigongana. Dada Refa alimtazama mzee, akatafuta dalili ya mzaha, na hakuiona.

"Nitamwambia," alisema.

Jumatatu alikwenda nyumbani kwa mzee. Mkewe, mkunga mstaafu, mwanamke wa mifupa mikubwa mwenye mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa ule, alimkaribisha jikoni badala ya sebuleni. Kupitia mlango ulioachwa wazi walimwona mzee amekaa kwenye kochi, anakunja gazeti, analikunjua, analikunja tena.

"Ameshaharibu huko, siyo?" aliuliza mama.

"Mama, ulijua?"

"Mimi ni mtu wa hospitali, mwanangu. Nilijua kabla ya daktari. Daktari alikuja kunithibitishia tu." Alikuwa akimenya viazi, na hakuacha kumenya. "Alhamisi aliniuliza mimi ni nani. Aliuliza kwa adabu sana. Akasema samahani, mama, nyumba hii ni ya nani, isije ikawa nakaa mahali pa watu."

Dada Refa alichukua kisu kingine, akaanza kumenya naye.

"Siku zote namvisha mimi," aliendelea mama. "Kifungo anakiangalia kama mdudu. Lakini Jumamosi anaamka peke yake. Ananyoa, anachagua shati, anasimama mlangoni anangoja teksi. Huko kwenu ndiko anakobaki mwenyewe. Usimwondolee. Na tafadhali, usimwambie mtu. Watu wakishajua, wanaanza kusema naye kwa sauti kubwa kama kiziwi, wanamcheka akigeuka. Niachie hata hilo."

"Sitasema, Mama."

Akaapa hivyo, na ndivyo alivyojifunga kamba mwenyewe.

Tangu siku hiyo Dada Refa alianza kufanya mambo ambayo kwa mtu mwingine angeyaita hila. Viti hupangwa kwa bahati nasibu. Yeye akahakikisha mzee anapata kiti cha kwanza, kando ya mgawa karata. Kwenye meza ya mzee akamweka mgawa karata mpole kuliko wote, akamwambia, "Mzee hasikii vizuri siku hizi. Zamu yake ikifika mguse kidogo." Mzee akiropoka, yeye alitoa onyo, na wiki iliyofuata akatoa onyo lile lile kana kwamba ni la kwanza. Kanuni zinasema onyo halirudiwi rudiwi. Baada yake ni adhabu, na baada ya adhabu ni kutolewa. Wengine aliwahesabia. Mzee hakumhesabia.

Wachezaji si vipofu. Miwani alimsubiri siku moja kwenye meza ya chai.

"Dada, mimi sina ugomvi na mzee," alianza, akikoroga sukari ambayo ilikuwa imeshayeyuka. "Lakini yule anajifanya. Anauliza zamu ya nani ili aone nani anashtuka. Anasema karata ili avuruge. Mtu aliyekuwa refa miaka yote ile, leo hajui zamu yake? Anatuchezea akili, na wewe unamlea."

"Malalamiko yako nimeyapokea."

"Umeyapokea mara ngapi sasa?"

"Nimesema nimeyapokea."

Miwani alimtazama, au angalau miwani ilimwelekea. "Angekuwa mimi ungekuwa umeshanitoa," alisema, na hakupandisha sauti. Alisema kweli, na Dada Refa alimchukia kidogo kwa hilo.

Nyumbani alimsimulia dada yake, bila kutaja ugonjwa. Dada yake alisimamisha cherehani. "Huyo kijana akija hapa na shati lake, nikamshonea vibaya kwa sababu nampenda jirani yake, utasema mimi fundi gani?"

"Si sawa na hilo."

"Mimi sijui karata," alisema dada yake, akaendelea kushona.

Mashindano makubwa ya mwaka yaliangukia Jumapili ya mawingu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mzee Kimya alikuja na shati jeupe na kitambaa cha mkononi kilichokunjwa vizuri, na siku hiyo, kama maskhara ya Mungu, alicheza kama zamani. Hakusema neno. Aliweka dau kwa wakati wake, akatupa karata kwa wakati wake. Wachezaji wakawa wanatoka mmoja mmoja, wanapeana mikono, wanashuka ngazi, naye yupo tu. Alasiri ilipofika zikakusanywa chipsi zote kwenye meza moja ya mwisho, na Mzee Kimya alikuwa kwenye kiti cha kwanza. Dada Refa alijiruhusu kufurahi. Alifikiri kimoyomoyo kwamba labda daktari amekosea. Alifikiri kwamba mzee akishinda leo, basi hata akikaa nyumbani baada ya hapo, atakuwa ameondoka akiwa bingwa.

Alikuwa upande wa pili wa ukumbi, anazungumza na mtu wa vipaza sauti, aliposikia kimya. Ukumbi ule ulikuwa na kimya cha aina nyingi na yeye alizijua zote. Hiki hakukijua. Akageuka.

Mezani Miwani alikuwa ameweka chipsi zake zote katikati. Mbele yake mwalimu wa hesabu alikuwa akifikiri, kidole shavuni, kama amfuate kwa kuweka dau sawa na lake au amwachie. Mzee Kimya alikuwa ameshatupa karata zake. Miwani, katika kungoja, alisema kwa sauti ya chini, "Fikiri tu, mwalimu, hatuna haraka." Neno hilo linaruhusiwa. Lakini Mzee Kimya alinyanyuka. Alijiweka sawa kola. Alizunguka meza, mikono nyuma, hatua ndogo ndogo, kama alivyozunguka meza zile maisha yake yote ya kazi, akasimama nyuma ya Miwani na kumwekea mkono begani.

"Kijana," alisema, "unazungumza na mwenzako anafikiri. Nilishakuonya."

Akainama, akachukua karata za Miwani, akazifungua mbele ya wote. Mbili na saba, rangi mbalimbali. Miwani hakuwa na kitu. Alikuwa anatisha tu.

Dada Refa alifika pale. Mgawa karata alieleza kilichotokea. Miwani alikuwa amesimama, amevua miwani, na macho yake yalikuwa madogo na mekundu kuliko mtu angedhani.

"Sasa sema, Dada," alisema. "Sema leo."

Kwanza aliamua mchezo. Karata zimeshaonekana na kila mtu, kwa hiyo mgao ule ulifutwa, kila mtu akarudishiwa chipsi zake.

"Nilikuwa namfuata," alisema mwalimu taratibu. "Kabla sijaziona. Nilishaamua."

"Inawezekana, mwalimu. Siwezi kujua."

"Najua huwezi. Nasema tu."

"Na yeye?" aliuliza Miwani, akimwonyesha mzee kwa kidevu.

Mzee Kimya alikuwa bado amesimama pale pale, mikono nyuma, anawatazama wote kwa zamu. Alimsogelea Dada Refa akamwinamia sikioni, kama mkubwa wa kazi anayemsaidia mdogo wake, ingawa meza nzima ilisikia.

"Kuna nini hapa?"

"Mchezaji amegusa karata za mwenzake, Mzee. Amezifungua."

"Mwenzake akiwa bado mchezoni?"

"Akiwa bado mchezoni."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Huyo atoke. Hata akiwa ni ndugu yako. Hilo halina onyo."

"Ndiyo, Mzee."

"Yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Miwani alirudi kitini polepole. Hapo ndipo Dada Refa alipoona kwamba kijana yule ameelewa, na kwamba ameelewa kwa kuchelewa kama alivyochelewa yeye mwenyewe kusema.

"Mchezaji wa kiti cha kwanza ametolewa mashindanoni," alitangaza. Sauti yake ilitoka kama ya kila siku. Alishangaa.

Mzee Kimya alikigeukia kiti cha kwanza. Kilikuwa kitupu. Mbele yake zilikuwepo chipsi nyingi zilizopangwa kwa rangi, na kile kitambaa cha mkononi.

"Ameshaondoka," alisema, akionekana kuridhika. "Vizuri. Hakuleta fujo."

Dada Refa alichukua kitambaa, akamshika mzee kiwiko. "Twende tukanywe chai, Mzee." Wakatoka katikati ya watu waliowapisha njia. Kwenye ngazi mzee alisimama kupumzisha magoti, akamwambia kwamba amefanya kazi nzuri leo.

Mashindano yalimalizwa na meneja wa hoteli mwenyewe. Mwalimu alishinda. Miwani alishika nafasi ya tatu. Wote walikuwa wameshaona anavyodanganya, na kila alipojaribu kutisha hawakutishika.

Kesho yake Dada Refa aliingia ofisini kwa meneja, akafunga mlango, akamweleza yote: ugonjwa, kiti cha kwanza, maonyo yasiyohesabiwa. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, kalamu mdomoni, mpaka mwisho.

"Ungeniambia," alisema, "tungemwekea meza. Siku ya Jumatano, yeye na wastaafu wenzake, bila kiingilio, bila ushindani. Hata mimi ningekaa nao."

Jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini. Miezi yote ile alikuwa akitafuta namna ya kumficha mzee ndani ya kanuni, na hakuwahi kufikiria kwamba angeweza kumtoa nje yake kwa heshima. Alikaa kwenye kile kiti cha ofisini na hakuweza kuinua uso.

"Siwezi kukuacha uamue tena," alisema meneja. "Unaelewa. Wakisikia ulikuwa unapanga viti, kila uamuzi wako wa nyuma watauchimbua. Kugawa karata, kama unataka, ipo nafasi."

"Naelewa."

Akarudi kugawa karata. Refa mpya aliletwa kutoka hoteli nyingine, mtu mwenye sauti kubwa.

Habari mjini zilienea upande mmoja tu. Mzee Kimya kafukuzwa kwa wizi wa karata. Tena yeye, refa mzima. Kumbe siku zote ndivyo alivyokuwa. Miwani hakuzieneza yeye. Zilienea zenyewe, kwa sababu zilikuwa tamu. Dada Refa alikwenda kumwomba mama amruhusu kusema ukweli.

Mama alikuwa jikoni. Safari hii hakumpa kiti.

"Ulimtoa mbele ya watu," alisema.

"Mama, uliniambia nisimwondoe."

"Nilikuambia hivyo, ndiyo. Mimi ni mke, nilikuwa nalia. Wewe ndiye uliyekuwa refa." Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Waache waseme mwizi. Mwizi ana akili zake. Ukiwaambia hilo lingine, sitakufungulia mlango."

Hakuwaambia.

Jumamosi zikageuka mateso kwa nyumba ile. Mzee aliamka, akanyoa, akavaa, akasimama mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Aligonga kutokea ndani kwa adabu, akisema, "Samahani, nimechelewa kazini," mpaka majirani wakaacha kuuliza. Mwishowe mama mwenyewe alimpigia simu Dada Refa. Hakuomba msamaha wala hakutoa. Alisema, "Njoo umchezeshe."

Kwa hiyo Dada Refa akaacha hata kugawa karata hotelini siku za Jumamosi. Alikwenda kwa mzee na karata zake, wakakaa kwenye meza ya chakula iliyotandikwa nailoni ya maua. Mwanzoni walicheza poka. Kisha mzee akasahau mpangilio, wakacheza mchezo wa kulinganisha rangi. Kisha ikawa kugawa tu: yeye anampa, mzee anapanga nyekundu huku, nyeusi kule, anashangilia akipata yenye picha.

Siku moja aligundua pakiti imepungua. Alipoinama kuokota moja iliyoanguka, aliona mzee amezikalia karata kadhaa, zile zenye picha, zimechomoza chini ya paja lake. Mzee naye alimwona akiona. Akaweka mkono juu ya paja haraka, na usoni mwake kukawa na woga wa mtoto aliyekamatwa na biskuti.

Dada Refa aliinuka, akakaa sawa, akachanganya zilizobaki.

"Zamu ya nani?" aliuliza mzee, bado ameshika paja.

"Yako," alisema, akamgawia.

Mzee Kimya alifariki kabla mwaka haujaisha, kwa homa ya mapafu iliyomkuta hana nguvu ya kukohoa. Kwenye mazishi watu wa hotelini walikuja wachache. Wawili walisimama nyuma ya Dada Refa wakinong'onezana habari za karata, na yeye akawasikia, akatazama mbele. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, hakumwita akae karibu, wala hakumfukuza.

Wakati watu wanatawanyika, Miwani alimfuata kando ya uzio.

"Sikujua, Dada," alisema. "Mpaka pale alipouliza yuko wapi. Kama ningejua nisingepiga kelele vile."

"Hukuambiwa."

"Ungeniambia."

"Kweli."

Miwani akatoa pole, akaenda zake akipangusa vumbi kwenye suruali.

Dada Refa alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye bomba, ambako wanawake walikuwa wakiosha vyombo vya waombolezaji. Hakuna aliyemjua pale. Mmoja alimsogezea beseni na kitambaa, akamwambia aanze na sahani. Akakunja mikono ya gauni, akachutama, akaanza na sahani.